Jina la Kwenye Maji

Bibi Drane alifunika dirisha kwa blanketi la punda,
akamimina maji ya uvuguvugu katika bakuli la kukandia unga.
Kitabu kilikwisha kuungua. Padri alikuwa machimboni,
akichimba shaba na namba imeshonwa kifuani.
Tulibakiwa na mdomo wa bibi, basi.

Nilikuwa na miaka sita. Nilishika taa.
Mdogo wangu alilia maji yalipomgusa utosi,
mama akamziba kinywa kwa ziwa lake,
maana ukuta wetu ulikuwa ukuta wa Katibu pia.
Bibi akanong'ona: Pal, nakubatiza
kwa jina la Baba,
na la Mwana,
mbwa akabweka nje, tukangoja, mbwa akatulia,
na la Roho Mtakatifu.

Pumzi tu ile. Haikuzima hata taa.
Lakini nilimwona mama akilegea mabega
kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni.

Daftari la serikali lilimwandika Marenglen,
jina lililounganishwa kwa viraka vya wazee watatu wa mbali
ambao hawakuwahi kupanda milima yetu.

Mwalimu Liri alikuwa na mikono laini, na peremende.
"Eti mdogo wako anaitwaje?"
Nami, kwa kiburi cha mtoto anayejua kitu:
"Mchana anaitwa Marenglen.
Kwenye maji anaitwa Pal."

Wanasema ulimi hauna mfupa.
Wangu siku ile ulikuwa na mfupa, na misuli, na buti miguuni;
ulitoka darasani, ukashuka bondeni,
ukagonga mlango wetu saa nane za usiku.

Hakimu alimpa bibi njia ya kurudi nyumbani:
maneno mawili mbele ya watu, "Hakuna Mungu",
kisha akapike chakula cha mchana.
Waliokuwepo husimulia kwamba alifungua kinywa,
ukumbi mzima ukainama kusikiliza,
akasema: "Mwanangu, hayo hayana mlango kwangu."

Miaka minane ya kukausha vinamasi.

Alirudi bila meno ya mbele.
Akiomba, herufi zilimponyoka;
"Mtakatifu" ilitoka kama upepo kwenye ufa.
Mimi nilikuwa msichana wa maneno machache.
Walinisifu adabu. Haikuwa adabu.
Nilikagua kila neno kabla ya kulitoa,
kama mwenye duka anayeogopa noti bandia.

Kisha yakaondolewa magunia ya mahindi kanisani.
Misa ya kwanza tulisimama juu ya punje zilizosahauliwa,
zikipasuka chini ya viatu.
Padri, kikongwe sasa, alifika "Baba yetu" akakwama,
midomo ikimtetemeka, na kutoka nyuma
wanaume walioimba nyimbo za chama miaka nenda miaka rudi
wakamrudishia sala, neno kwa neno,
kwa sauti, kwa sauti kabisa,
wengine wakishtuka kuisikia yao wenyewe.

Hapo nikamshika bibi mkono wa sweta.
"Ni mimi niliyesema. Kwa peremende."
"Najua."
"Tangu lini?"
"Tangu buti la kwanza mlangoni.
Nilikusamehe hawajanifunga hata kamba."
Akatazama punje chini.
"Ila nilikusamehe moyoni tu, nikakuacha
miaka yote hii hujasikia. Hiyo dhambi ni yangu.
Haya, sikiliza."

Akasema. Sitaandika alichosema.
Kilisemwa; kwangu bado kinasemwa.

Pal anajenga nyumba za watu huko Bergamo.
Vyeti vyake vyote ni Marenglen. Imani yake haba,
hucheka nikimuuliza habari za kanisa.
Lakini Jumapili nikimpigia simu
simwiti la kwenye vyeti.
"Pal," nasema.
Kelele za barabara, kikohozi, kimya kidogo,
kisha, kwa sauti ya mtu aliyeguswa utosi:
"Naam."